Vigae vya Mtungi Mzima

Katika nchi ya makorongo asubuhi haina adabu. Huja ikipenda, pengine baada ya adhuhuri, pengine mara mbili kwa siku moja, na wenyeji wameshaizoea. Wakiiona inachungulia juu ya kingo za udongo mwekundu, huamka, hunawa uso, wakaendelea na walichokuwa wakifanya. Ni nchi iliyochakaa. Mvua na upepo vimeila nyama yote hata mbavu zake zimebaki nje, vilima vimechongoka, mabonde yamepasukapasuka, na rangi za udongo zimelala moja juu ya nyingine, nyekundu, kijivu, zambarau, kijani kilichofifia, kila rangi na zama zake. Anayeteremka korongo huteremka siku. Anayepanda hupanda siku. Kwa sababu hiyo watu wa huko hawaulizani umri. Huulizana tu umeamkia wapi, juu au chini, na jibu lolote hupokewa kwa heshima.

Somoe aliamkia chini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyeangusha pete na hataki watu wajue. Alikuwa mtafuta mifupa, kama mama yake aliyemtangulia, na kama bibi yake aliyemrithisha jina, hata siku nyingine akiwa peke yake kwenye mteremko hakuwa na hakika ni Somoe yupi kati yao anayetembea. Hilo halikumsumbua. Miguu ilikuwa inakwenda, na miguu ikienda mtu yupo.

Mifupa yenyewe haikuwa ya ng'ombe wala ya tembo. Ilikuwa ya yule ambaye wenye vitabu humwita dinosaria, na watu wa makorongo humwita Mnyama basi, kwa kuwa hawakupata kuwa na mwingine. Mama yake Somoe ndiye aliyeuona mfupa wa kwanza, wa paja, mrefu kuliko mlango. Somoe akaokota iliyobaki: mbavu, pingili za mkia, pingili za shingo zisizokwisha. Kila mfupa ulipelekwa Uwanjani, mahali palipowekwa vyuma vya kumsimamisha, na sasa Mnyama alikuwa amesimama mzima, kuanzia ncha ya mkia mpaka mwisho wa shingo. Kilichokosekana ni kichwa.

Na Wakubwa, kama ujuavyo, hawawezi kuiona shingo isiyo na kichwa wakastahimili. Kila Mkubwa aliyeshika nchi alimwekea Mnyama kichwa cha saruji kwa sura aliyoipenda mwenyewe. Wa kwanza alimpa pembe. Aliyemfuata akazing'oa pembe, akampa meno. Mwingine akamtilia ndevu, watu wakaenda kuchekea majumbani milango ikiwa imefungwa. Mkubwa wa sasa aliona wenziwe walileta mchezo. Akaamuru kichwa kikubwa kuliko vyote, chenye uso wake yeye, na safari hii kisiwe cha kushushwa tena: kitafungwa kwa nondo na zege kesho yake jua likizama, kwa amri ya mdomo wake mwenyewe, na kuanzia hapo itakuwa marufuku mtu kutafuta kingine. Tangazo liliposomwa watu walipiga makofi. Walikuwa na mikono yao ya kupigia makofi, iliyozoea.

Somoe hakupiga. Si kwamba alikuwa jasiri, la, alikuwa amepigwa na uchungu. Mnyama yule alimjua pingili kwa pingili. Alijua goti lililovunjika likaunga lenyewe, alijua ubavu uliotafunwa. Kumwona akivishwa nyuso za watu kulimuuma, akaona afadhali wangemwacha asimame na shingo tupu, ionekane kwamba kuna kitu bado hakijajulikana. Tena akajiuliza, na swali hili alikuwa nalo tangu ujana wake. Mwenye mwili wake wote na kichwa cha mwingine, ni nani? Yeye, au yule mwingine? Na mimi je. Mkono huu wa mama. Jina hili la bibi. Kichwa hiki. Nani alinipa, na alikuwa na ruhusa ya nani.

Swali haliokoti mfupa. Asubuhi ilipochungulia, Somoe alijitwika mtungi wa maji, akatoka. Alikuwa na siku moja tu ya kukipata kichwa cha kweli kabla jua halijazama.

Hakutoka peke yake, kwa kuwa haifai. Alitoka na Livembe, mtani wake, mzee wa kilimani mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika, aliyebeba kikapu cha nyundo, patasi, brashi na gunia la plasta. Watu wa chini na watu wa juu ni watani tangu kale. Mtu wa chini akifa, wa juu ndio wanaochimba kaburi, na wakati wa kuchimba humkejeli marehemu, humtaja kwa uroho wake na kukoroma kwake, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Mtani hudai ada ya kazi hiyo, na atakachokidai hupewa, awe amedai mkeka au jogoo. Ukimnyima au ukinuna umeuvunja utani. Na watafuta mifupa wameona kwamba mfupa nao ni maiti, tena aliyelala muda mrefu bila mtu wa kumcheka, na maiti asiyetaniwa hana hakika kama amekufa. Kwa hiyo hakuna mfupa unaoinuliwa makorongoni kabla mtani hajausema. Jambo moja tu haliruhusiwi kati yao: kushukuriana. Ukimwambia mtani ahsante atakuuliza umeanza lini kuugua.

Livembe alianza kazi yake mapema. Alimwambia Somoe kwamba mtungi aliojitwika umemzidi uzuri, watu watadhani mtungi ndio uliomchukua yeye. Ulikuwa mtungi wa mama yake Somoe, aliouumba kwa mkono, wenye mstari wa vitone shingoni, na chini ya vitone hivyo alama ya dole gumba, maana mama aliushika kabla haujakauka. Mama alitaka kuifuta alama ile, kisha akaiacha. Somoe hakuwahi kunywa maji yenye ladha kama ya mtungi ule. Akamjibu mtani wake kwamba yeye hata gunia limeona haya kubebwa naye, wakaenda hivyo, wakitukanana kwa upendo, mpaka kwenye mdomo wa korongo la mwisho, ambalo hakuna aliyekuwa amelimaliza.

Kazi ya kutafuta mfupa ina njia yake. Huchimbi. Mwenye kuchimba ovyo ni mgeni. Unatembea chini ya mteremko umeinama, unatafuta vipande vilivyoporomoka, kwa kuwa kilima hutema kidogo kidogo kilichomo ndani yake. Ukikipata kipande huliamini jicho lako, kwa kuwa jiwe hujua kujifanya mfupa na mfupa hujua kujifanya jiwe. Unakilamba. Jiwe huteleza ulimini. Mfupa una vitundu visivyoonekana, navyo huufyonza ulimi, ulimi ukanata. Ulimi ukishanata, unapanda kilima kufuata vipande mpaka vitakapokwisha, na mahali vinapokwisha ndipo penyewe. Watoto wa nchi ile hujifunza kulamba kabla ya kusoma, na wengine huishia hapo hapo, wakaishi vizuri tu.

Somoe alilamba jiwe, akatema. Akalamba jingine. Jua likapanda, likatulia, na upepo ukaleta harufu ya chumvi kutoka pahala pasipo na bahari. Alikuwa na furaha, lazima isemwe. Siku ilikuwa ya kufa kupona na hata hivyo alikuwa na furaha, kwa kuwa mgongo ukiinama na macho yakifanya kazi moyo hupata nafasi. Hata Livembe alinyamaza kidogo, ingawa alisema baadaye kwamba alikuwa anatafuna.

Ndipo alipokiona kipande. Kilikuwa chembamba, chekundu, kipana kama kiganja cha mtoto, na kimepinda. Akakilamba. Ulimi ukanata pale pale, ukanata barabara, akalazimika kuuvuta. Somoe akakaa chini. Mfupa wa mguu haupindi hivyo. Ubavu haupindi hivyo. Chembamba, kilichopinda kila upande, kama bakuli. Akakifunga kwenye pindo la kanga, akainua macho, akaona kingine hatua chache juu, na kingine juu ya hicho.

Livembe alikitazama kipande cha pili muda mrefu. Alisema hakipendi chekundu hicho. Alisema, pasipo utani safari hii, kwamba mifupa yote ya Mnyama aliyowahi kuitukana ilikuwa ya kijivu. Somoe akamwambia ulimi haujali rangi. Ulimi wake ulikuwa umemwonyesha mkia mzima wa Mnyama, na shingo, na ile nyonga iliyowashinda wanaume, haukuwahi kumdanganya, na leo si siku ya kuanza kuutilia shaka. Mtani akanyanyua mabega. Wakapanda.

Wakapanda kijivu, wakapanda zambarau. Asubuhi ikaja mara ya pili, wakaipungia mkono. Vipande vilizidi, akavilamba vyote, vyote vikanata, na pindo la kanga likawa zito. Katikati ya mteremko Somoe alisimama kuvuta pumzi, akatazama juu, akaona watu wawili kwenye ukingo wa kilima, mwanamume mwenye kikapu na mwanamke aliyesimama kando ya mtungi. Akawapungia. Yule mwanamke akapunga. Livembe akauliza ni akina nani wale, na Somoe akasema watakuwa watu wa siku nyingine, katika makorongo si ajabu kukutana nao. Jambo lililomtia wasiwasi ni kama na wao wanatafuta kichwa, na kama wameshakipata.

Ninatembea, aliwaza Somoe. Au ninatembelewa. Mlima unanikumbuka, mimi siukumbuki. Ni mara ya ngapi. Mama, uliwahi kufika hapa? Kuna vumbi lenye umbo la kisigino. Kisigino changu kinaingia humo kama kilipimwa.

Karibu na kileleni aliokota kipande kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Akakilamba, kikanata. Akakigeuza. Upande wa pili kulikuwa na mstari wa vitone, na chini ya vitone alama ya dole gumba.

Somoe aliutua mtungi taratibu mno, kama mtu anayetua mtoto aliyelala. Akakiweka kile kipande kando ya shingo ya mtungi. Vitone kwa vitone. Dole kwa dole. Kipande kilikuwa kimezeeka, kingo zake zimelika, rangi yake imepauka kwa jua la miaka isiyohesabika, na mtungi ulikuwa mzima, umejaa maji, unatoa jasho la ubaridi. Ulikuwa ni mtungi mmoja.

"Vigae," alisema Livembe. "Mtani wangu, tangu asubuhi unalamba vigae."

Udongo uliochomwa nao una vitundu, nao hunatisha ulimi. Mtu yeyote mwenye macho angelijua kigae kwa kukitazama tu, mpika uji angelijua, mtoto angelijua. Mtafuta mifupa peke yake ndiye awezaye kukosea hivyo, kwa kuwa amejifundisha kutoamini macho. Livembe alicheka mpaka akakaa, akacheka amekaa, akafuta machozi akaanza upya, na Somoe aliyekuwa ameaibika akajikuta anacheka naye, mbavu zikimuuma, katikati ya siku aliyokuwa ameipoteza. Jua lilikuwa limeshavuka utosi, na hakuna kichwa.

Kisha kicheko kikapungua, na wote wawili wakawa wanatazama kitu kile kile. Vigae viliishia pale. Juu yao palikuwa na ukumbi mdogo wa mwamba wa kijivu, tambarare kama baraza, umefunikwa na vumbi, na juu ya ukumbi ule hapakuwa na kigae hata kimoja. Walipanda, wakatafuta, hamna. Na kazi ina njia yake: mahali vipande vinapokwisha ndipo penyewe. Mtungi ule ulivunjikia pale. Au, kwa kuwa ulikuwa bado mzima, ulikuwa na ahadi pale.

Wakatazama chini, wakawaona watu wawili katikati ya mteremko, mwanamke na mwanamume. Mwanamke akawapungia. Somoe akainua mkono akampungia, na mkono ulipokuwa hewani akaelewa kwamba anajipungia mwenyewe.

Sasa hapa mtu anaweza kusema basi, lililoandikwa limeandikwa, avunje mtungi waondoke. Somoe hakuona hivyo. Alikaa kando ya mtungi, akauwekea kiganja. Ndani yake mlikuwa na maji yao yote, na nyumbani ni mbali, na jua la makorongo halina jamaa. Zaidi ya hayo mama yake alikuwa mle. Makaburini palikuwa na udongo tu, ila hapa palikuwa na dole lake, limebonyea hivi, na Somoe kila asubuhi aliliweka dole lake mle na lilienea. Kama vigae viko tayari chini kabla mtungi haujavunjika, je, yeye ana hiari? Na kama hana hiari, mbona inamuuma kama mwenye hiari? Akajaribu kuuinua mtungi aupige. Mikono ikakataa. Akajaribu tena. Akauweka chini, akasema kwamba hawezi, kwamba potelea mbali, Mnyama na avae uso wa Mkubwa.

Livembe alikuwa amesimama akimtazama. Alivua kofia yake, akaipiga vumbi, akaivaa tena. Sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya msibani, ya mtani aliyekuja na jembe.

"Humu mna maiti," alisema, akiugonga mwamba kwa kisigino. "Hajazikwa, na mchimbaji ni mimi. Nataka ada yangu."

"Hatujaona maiti, Livembe."

"Ada hutangulia. Nataka mtungi."

Somoe alimtazama. Alijua anachofanyiwa. Mtani hawezi kunyimwa. Ndiyo sheria pekee ya nchi ile ambayo hakuna Mkubwa aliyewahi kuigusa. Angekataa, wasingekuwa watani tena, na asingeweza tena kuinua mfupa. Angekubali, mtungi si wake, na kitakachoupata si dhambi yake. Kisha akaliweka dole lake gumba kwenye alama ya mama mara ya mwisho, akalitoa.

"Chukua," alisema.

Livembe akauinua mtungi kwa mikono miwili, juu, akaupiga kwenye mwamba.

Vigae viliruka, vikaviringika ukingoni vikaanguka mteremkoni, vikilia kidogo kidogo kila vilipogonga, chini, chini zaidi, mpaka siku zilizokuwa chini kabisa. Maji yakasambaa juu ya ule ukumbi wa mwamba. Vumbi likanywa, likawa jeusi, likaondoka na maji. Somoe alikuwa analia waziwazi bila kununa, maana kununa hakuruhusiwi na kulia kunaruhusiwa, na alikuwa anatazama maji kwa sababu hakutaka kutazama pengine. Kwa hiyo akaona jambo. Mwamba wote uling'aa kwa maji isipokuwa mahali pamoja. Pale maji hayakukaa, yalifyonzwa upesi, na pakakauka kabla ya penginepo. Pakavu pale palikuwa na umbo, taya, tundu la jicho, pua iliyo juu ya paji.

Akapiga magoti, akalamba. Ulimi ukanata, na safari hii macho nayo yalikuwa shahidi.

Kilikuwa kidogo. Nisidanganye, kilikuwa kidogo cha kuchekesha. Mwili ule wote, mkia unaozunguka Uwanja, paja refu kuliko mlango, na kichwa hakikuzidi cha punda. Meno yake yalikuwa membamba kama penseli, mbele tu, ya kuchania majani. Waligonga patasi kando kando kwa subira, wakapiga brashi, na jua liliwaonea huruma, likakawia mahali pamoja mpaka walipomaliza kukizunguka. Kabla hakijainuliwa Livembe akasimama mbele yake na mikono kiunoni, akafanya lililomleta.

"Wewe," alikiambia. "Watu wamevunja migongo kukubeba, kumbe ulikuwa unaongozwa na hiki? Kofia yangu ingekuzama mpaka shingoni. Ulikuwa unawaza nini humu ndani? Leo majani. Kesho majani. Hukumwamuru mtu, hukutangaza kitu, hakuna aliyekupigia makofi, na bado ukawa mkubwa kuliko nyumba ya Mkubwa. Huoni haya? Haya, umekufa. Nimekwambia mimi. Inuka twende."

Kikainuka. Somoe alisema hata uzito wake ulibadilika baada ya kutaniwa, na mimi sina sababu ya kumbishia.

Sasa ilibaki kukifunga, kwa kuwa mfupa wa namna hiyo usipofungwa hubomoka njiani. Plasta ilikuwepo, gunia zima. Maji ya kuikorogea yalikuwa yamemwagwa. Wakatazamana. Livembe akasema hii ndiyo faida ya kufanya kazi na watu wa chini. Somoe hakumjibu. Alikuwa ameshashika udongo ule ule uliolowa chini ya mwamba, ukiwa bado una ubaridi wa mtungini, anaukanda kwa vidole. Alichana kanga yake ya juu vipande virefu, akakizungushia kichwa, akakandika udongo juu ya kitambaa, akaulainisha kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka, mpaka kichwa kikapotea na pakawa na kitu cha mviringo chenye shingo. Jua likakikausha. Hapo ndipo alipoona kwamba mikono yake imefinyanga, na kwamba hakuwahi kufundishwa. Kwenye shingo ya udongo, alipokishika kukiinua, dole gumba lilikuwa limeacha alama. Akaiacha.

Alijitwika. Wakateremka bila tone la maji, midomo imepasuka, makoo yamekauka mpaka Livembe akashindwa kutukana. Na Somoe alikuwa na raha, raha ya mtu aliyechoka kwa sababu nzuri.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Kichwa cha saruji kilikuwa kinaning'inia kwenye mnyororo juu ya shingo ya Mnyama, kimepakwa rangi ya mafuta, kinang'aa, kina uso wa Mkubwa uliotabasamu. Mafundi walishika mnyororo wakisubiri neno. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole. Mkubwa mwenyewe alikuwa ameketi chini ya kichwa chake, mtu mzima mwenye macho ya usingizi, ambaye kwa karibu hakufanana sana na ile saruji. Somoe akaamkia, shikamoo, akaitikiwa. Akalitua donge lake mezani, akalipasua kwa nyundo, akatoa vitambaa.

Watu walisogea wakaona, wakauma midomo wasicheke.

"Kidogo," alisema Mkubwa.

"Ndicho chake, Mkubwa."

Mkubwa akasema kinaweza kuwa cha punda. Kinaweza kuwa jiwe. Alisema hayo bila ukali, kama mtu anayeulizia njia. Watu wengi wameniletea mawe, alisema, na kila mmoja aliapa. Atajuaje?

"Kuna njia moja tu," alisema Somoe. "Lamba."

Walinzi walishtuka. Mkubwa hakushtuka. Aliinua macho akautazama uso wake mkubwa kule juu, uliokuwa unatabasamu tu. Kisha akaliangalia lile fuvu dogo, lenye pua yake juu ya paji, lisilofanana na mtu yeyote aliye hai. Akavua miwani. Akainama akatoa ulimi, ulimi mwekundu wa kawaida kama wa watu wote, akalamba.

Ulimi ukanata.

Aliuvuta, haukutoka. Akabaki ameinama mbele ya nchi nzima, mikono mezani, macho yamekazwa, pumzi inapita puani. Jua likagusa ukingo wa kilima. Mafundi wakamtazama wasikie neno. Walinzi wakamtazama. Amri ilikuwa lazima itoke mdomoni mwake, na mdomo ulikuwa na kazi. Jua likazama nusu. Likazama lote. Likawa limezama, na neno halikusemwa, na wakati wa kulisema ukapita mbele ya watu wote kama mgeni asiyekaribishwa, akaenda zake.

Ulimi ulipobanduka, Mkubwa aliinuka. Hakukasirika. Alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akasema polepole, kwa sauti ambayo Uwanja haukuwahi kuisikia:

"Kina ladha ya maji ya mtungini. Kule kwa bibi yangu."

Akawaambia mafundi washushe ile saruji.

Kichwa cha Mnyama kikapandishwa jioni ile. Kilipofika juu kilikuwa kidogo sana, watu walilazimika kunyanyua shingo na kukunja macho ili wakione, na waliokuwa nyuma walisema hawakioni kabisa, wakaambiwa wakitafute. Nao wakawa wanatafuta, wanaonyeshana kwa vidole, wanabishana, na kelele zao zilikuwa nzuri kuzisikia.

Somoe na Livembe walikaa kando, kwenye jiwe, wakapewa maji kwenye kikombe cha plastiki, wakanywa, wakaongezewa, wakanywa. Koo la Livembe liliporejea lilirejea na malalamiko. Alisema hakuna mtani mjinga kama yeye katika nchi zote za juu na chini, aliyedai ada akapewa, akaivunja kwa mikono yake mwenyewe, na sasa anarudi nyumbani na gunia la plasta. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, kwa furaha.

Somoe alifungua pindo la kanga. Vigae vya asubuhi vilikuwa vimo bado, vimezeeka vile vile. Akachagua kile chenye vitone na alama ya dole, akakishika kidogo, akampa. Akamwambia hii ndiyo ada yake, achukue iliyobaki.

Livembe akakigeuzageuza. Kwa kuwa mtu wa makorongo hapokei kitu bila kukipima, akatoa ulimi akakilamba, na kigae, kilichokuwa kikavu kwa jua la zama zote zile, kikamnasa. Akakodoa macho. Akanguruma kitu. Kwa mara ya kwanza tangu watani wawe watani, mtu wa juu hakuwa na neno la kumjibu mtu wa chini.

Somoe aliiona nafasi. Akasogea karibu, akamshika bega.

"Ahsante," alisema, haraka, kabla hakijabanduka.